Beringi Masikioni

Enzi hizo, Jumamosi mtaa wa masonara ulikuwa haupitiki. Wachumba walibanana kwenye vioo wakichagua pete, mashangazi wakakosoa kila iliyochaguliwa, na wapita njia wasio na mpango wa kununua chochote wakasimama kutazama. Katika msongamano huo aliingia fundi wa injini, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amevaa ovaroli ya buluu iliyofuliwa ikagoma kutakata, amekumbatia furushi la gazeti. Alipofika mbele aliliweka juu ya kitambaa cha mahameli, akalifungua. Ndani mlikuwa na pistoni.

Sonara mwenyewe alikuwa mwanamke, gauni la zambarau, miwani ikining'inia kifuani. Aliitazama pistoni, kisha akamtazama mwenye pistoni.

"Kaka, hii haivaliki," alisema.

"Najua, dada. Nipimie tu. Mizani ya karakana yetu imekufa, na mimi nataka kujua hadi gramu."

Foleni nzima ilicheka. Sonara hakucheka. Mizani yake ilikuwa ya shaba, ya sahani mbili, aliyoirithi kutoka kwa marehemu baba yake, na mtaa mzima uliiheshimu: masonara wengine wakibishana kuhusu uzito, walikuja kuamuliwa na mizani hiyo. Haikuwahi kuguswa na grisi. Hata hivyo aliifuta pistoni kwa leso yake mwenyewe, akaipandisha. Mimi nadhani kilichomshika ni lile neno "hadi gramu", maana wateja wengi humwambia, "Kadiria tu, mama."

Fundi alirudi na pistoni nyingine, kisha konrodi, ule mkono wa chuma unaoibeba pistoni, kisha pini ya kuviunga. Kila safari alieleza kidogo. Gari lilikuwa la marehemu baba yake, la zamani, silinda nane, nne huku na nne kule. Tangu linunuliwe lilitetemeka likishika kasi. Mama yake alikuwa amezeeka, na alitamani kupanda tena gari alilopanda akiwa bi harusi. Fundi alitaka safari hiyo iwe tulivu. Dawa ilikuwa kwenye kranki, ule mhimili uliopindapinda unaozungushwa na pistoni. Kila shingo ya kranki, pale inapopinda, hubeba konrodi mbili, na upande wa pili pana mapande ya chuma ya kusawazisha uzito wake. Pande likizidi au likipungua, injini hupata homa. Kwa hiyo unapima kila kitu kitakachobebwa, unafunga vyuma vya uzito huohuo kwenye shingo, unaizungusha kranki, halafu unatoboa mapande upande uliozidi mpaka itulie.

"Ila pistoni naihesabu nusu," alisema.

"Dukani kwangu nusu ni wizi."

"Zinashika shingo moja pistoni mbili, lakini hazivuti kwa wakati mmoja. Nikizihesabu nzima nzima, nitakuwa nimezidisha."

"Kama wewe na maneno yako," sonara alisema, akageuka kumhudumia bi harusi mtarajiwa, lakini masikio aliyaacha kwa fundi.

Siku fundi alipoleta nati moja peke yake, sonara alielewa sababu ya safari hizo. Aliipima kwa makini, akamtajia uzito wake, akamuuliza kama kesho ataleta na washa ya nati hiyo. Fundi akaomba namba ya simu. Tangu hapo simu haikupoa. Fundi alipiga akiwa chini ya gari, akidai anataka kuhakikisha uzito wa konrodi, na sonara alimjibu kwamba konrodi haijanenepa tangu jana, mpenzi, rudi kazini. Neno hilo mpenzi lilimtoka hivihivi. Hawakulirudisha.

Kisha ikafika zamu ya beringi, vile vipande vya nusu mwezi vinavyokumbatia shingo ya kranki, viwili kwa kila konrodi. Zilikuwa mpya, ziking'aa kuliko nusu ya vitu vilivyokuwa kabatini. Fundi aliweka jozi moja sahanini. Sonara aliiokota jozi ya pili, akaishika masikioni, akajigeuza kwenye kioo cha wateja.

"Nimependeza?"

Fundi aliacha kutazama mizani. Alisema, "Nikuoe sasa hivi au nimalize injini kwanza?"

"Malizia injini. Mume mwenye gari bovu simtaki," alisema, akazigonganisha beringi kama njuga. Walicheka wote wawili. Fundi alikariri uzito uliokuwa sahanini, akafunga vitu vyake gazetini, akaondoka akipiga mluzi.

Siku ya safari mama alivaa gauni lake la hariri, akakaa mbele na mkoba mapajani. Injini iliwaka vizuri, sauti yake nzito na laini. Walipoingia barabara kuu na fundi akakanyaga mafuta, usukani ulianza kutikisika, kioo kikatikisika, mkoba wa mama ukateleza mpaka chini. Mama alicheka, akasema ndiyo yaleyale ya marehemu. Fundi hakusikia utani. Kazi ya miezi, ahadi kwa mama, mapande ya kranki yaliyokwisha kutobolewa, na chuma kilichotoka hakirudi. Alimrudisha mama nyumbani, akaenda moja kwa moja kwa sonara. Ilikuwa Jumamosi.

"Mizani yako imenidanganya," alisema mbele ya wateja wote.

Wateja waligeuka. Shangazi mmoja alivua pete aliyokuwa ameshainunua, akaomba ipimwe upya. Sonara aliipima, akamwonyesha, mikono ikiwa imetulia kabisa. Kisha akamtazama fundi.

"Baba yangu amekufa bila kuambiwa neno hilo," alisema. "Toka dukani kwangu."

Hasira hasara. Fundi alipiga simu jioni ile, ikakatwa. Akapiga kesho yake, ikaita mpaka ikachoka. Sonara aliisikia kila mara. Alikuwa akimpenda, na hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu angekuwa mtu baki angemsahau kabla ya chakula cha mchana. Wateja nao walianza kuomba kupimiwa mara mbili.

Fundi aliishusha injini, akaifungua yote. Alitandaza vipande mezani, akaanza hesabu upya, shingo moja baada ya nyingine: konrodi mbili, pini mbili, beringi jozi... Aliishika jozi ya pili mkononi. Hakukumbuka kuiona sahanini. Aliikumbuka mahali pengine kabisa, chini ya nywele zilizosukwa, mbele ya kioo. Alikuwa amehesabu jozi moja badala ya mbili kwa kila shingo, mapande yakatobolewa kupita kiasi.

Alimweleza mama yake, akaokota simu. Mama akamzuia.

"Mwanangu, ulimwita mwongo mbele za watu. Radhi unataka kuiomba kwenye simu?"

Jumamosi iliyofuata alisimama kwenye foleni kama wengine, nyuma ya wachumba na mashangazi. Hakuvaa ovaroli, alivaa shati jeupe lenye mikunjo ya pasi. Zamu yake ilipofika aliweka jozi mbili za beringi juu ya mahameli, akageukia watu.

"Nilisema humu ndani kwamba mizani hii ni ya uongo," alisema kwa sauti. "Mwongo nilikuwa mimi. Nilipima jozi moja nikahesabu nimepima zote, kwa sababu nilikuwa namwangalia mwenye duka."

Mashangazi waliguna. Sonara alizivuta beringi karibu. Alivaa miwani, akapandisha jozi zote mbili, akapanga vijiwe vya uzito kimoja kimoja mpaka sahani zikalingana, akasoma uzito kwa sauti ili kila mtu asikie. Ndipo alipoinua macho, nayo yalikuwa yamelowa.

"Jozi hii moja niliishika mimi," alisema. "Nusu ya kosa ni yangu."

"Nusu ni wizi, sonara. Lote langu."

"Utayajazaje hayo matundu?"

"Kwa chuma kizito kuliko madini ya risasi. Vipande vidogovidogo, vikae palepale nilipotoboa."

"Basi vyote utaleta hapa. Nitavipima mimi." Akapangusa sahani kwa leso ileile. "Na siku ya safari nitakaa nyuma ya mama. Kidole changu cha pete utakipima njiani."

Gari lilitulia. Mama alilipanda mara nyingi, akilalamika kwamba sasa halina raha, linamtia usingizi. Ametangulia mbele ya haki, gari bado lipo. Beringi zile hazikurudi kwenye injini, fundi alinunua nyingine za uzito uleule. Za zamani sonara alizitoboa kwa keekee yake ndogo ya kazi, akazitia ndoana za dhahabu, akaolewa nazo. Ni nzito, hazivai kila siku. Huzivaa siku ambayo mumewe amekosea, kisha hupita nazo mbele yake, na fundi huacha alichoshika akaja kuomba radhi.