Mlango wa Stendi ya Lodwar

Basi la kutoka Kitale liliingia Lodwar saa nane mchana, likiwa limechelewa siku nzima na ushee. Ilikuwa mwaka wa sabini na sita, na kwa barabara ile kuchelewa siku moja kulikuwa ni kuwahi. Kwenye kiti cha mbele aliketi Cornelius Opondo, msimamizi mpya wa ofisi ya ujenzi, kijana wa miaka ishirini na saba. Alivaa suruali ya belibotomu rangi ya maziwa, shati la maua, viatu vya raizoni vyenye soli nene, na kofia ya kahawia aliyoinunua Kisumu kwa ajili ya jua. Maskini wa watu! Alikuwa amejiandaa kwa joto. Kwa stendi ya Lodwar hakuwa amejiandaa hata kidogo.

Nisifiche. Ile stendi ilikuwa aibu. Kibanda cha kungojea kilikuwa na nguzo sita na mabati manne, na kati ya hayo manne moja lilikuwa limeng'oka upande, upepo ukivuma linapiga kelele mchana kutwa. Mchanga ulikuwa umefunika viti hadi watu wakawa wanakalia mizigo yao. Mbuzi walilala pale penye kivuli, abiria wakasimama juani. Nyuma kulikuwa na vyoo viwili. Cha wanaume kilikuwa na mlango unaoning'inia. Cha wanawake hakikuwa na mlango kabisa. Mama akiingia, mwenzake humsimamia nje akiwa ameshika shuka kwa mikono miwili. Watu wa baraza la mji walisema stendi ni ya ofisi ya ujenzi, ofisi ya ujenzi ikasema ni ya baraza, na mchanga ukaendelea kuingia.

Opondo alishuka, raizoni moja ikazama mchangani mpaka kifundo. Akavuta mguu, mguu ukatoka peke yake.

Kicheko kikasikika. Mlangoni mwa kibanda cha tiketi alisimama msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, gauni la buluu la dukani, na juu ya gauni hilo shanga nyekundu na njano zimepandana shingoni hadi kidevuni. Huyo ndiye Nabei, mkata tiketi wa kampuni ya basi.

"Ejok!" alimsalimia. "Kiatu yako imefika nyumbani. Wewe je?"

"Mimi sijui nimefika wapi," Opondo alisema, akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Umefika Lodwar. Nipe hiyo kofia."

"Nini?"

"Kofia. Nipe."

"Dada, hata jina langu hujui, unaniomba kofia?"

"Sasa nitakujuaje kama sikuombi?"

Opondo aliishika kofia yake kichwani. Kofia hakuitoa, jua lilikuwa kali mno. Akatoa leso mfukoni, nyeupe, iliyopigwa pasi. Nabei aliipokea akaifunga mkononi juu ya bangili zake, kisha akainama akafukua kiatu kwa mikono yake mwenyewe. Opondo akaenda zake akitikisa kichwa, na huku anatabasamu bila kujua anatabasamia nini.

Tangu siku hiyo stendi ya Lodwar ilikaguliwa kuliko stendi yoyote nchini. Kila saa kumi jioni Opondo alifika na daftari lake, akaandika "mabati, moja, limeng'oka", kisha akaegemea dirisha la tiketi mpaka jua lishuke. Nabei hakumwacha apumzike.

"Opondo, nipe kalamu."

"Jana nilikupa kalamu!"

"Hiyo nilimpa shangazi. Nipe ingine. Na nipe hiyo chungwa."

"Nimeliuma mara moja tu, Nabei."

"Nipe hivyo hivyo na meno yako ndani."

Walicheka, walipendana, na mji mzima uliona. Siku moja Nabei alimwomba hata jina lake, akataka aitwe Opondo yeye pia, na jioni ile nzima alikataa kuitika akiitwa Nabei. Opondo alirudi nyumbani akipiga mluzi. Lakini ofisini kulikuwa na Mutua, mzee wa masjala, mtu wa Machakos aliyetunza mafaili miaka tisa bila kupoteza karatasi.

"Kijana, huyo atakumaliza," Mutua alimwambia. "Leo kalamu, kesho shati. Mwanamke anayeomba kila siku hakupendi, anapenda mifuko yako."

Neno lile lilimwingia. Opondo alimpenda Nabei kwa dhati, na mtu anayependa kwa dhati huogopa kudanganywa.

Basi ikawa siku moja upepo ni mkali. Mama mmoja aliingia chooni pale stendi, shuka ikapeperuka kutoka mikononi mwa mwenzake, na basi zima likaona. Wanaume wengine walicheka. Nabei hakucheka. Opondo alipofika jioni alimkuta amekaza uso.

"Opondo, nipe mlango."

"Mlango gani tena?"

"Ya choo ya wanawake. Wewe ndiyo fundi ya serikali. Nipe."

"Mpenzi, haiendi hivyo. Mlango wa serikali una utaratibu. Andika barua kwa ofisi, itafunguliwa faili."

"Mimi sikuombi serikali. Nakuomba wewe."

Hapo ndipo Opondo alipoyakumbuka maneno ya Mutua. Akamshika mkono, akasema kwa sauti tamu kabisa, na aliamini kwamba anasema mapenzi:

"Sikiliza, roho yangu. Usiniombe tena. Haipendezi, mtu wa heshima kama wewe kuomba-omba. Kitu chochote nikiona unakihitaji nitakupa mwenyewe, bila kuombwa."

Nabei aliutazama mkono uliomshika.

"Nisikuombe?"

"Kamwe."

"Sawa," alisema, akautoa mkono wake taratibu.

Barua Nabei aliiandika. Opondo mwenyewe aliipokea, akaipiga mhuri, Mutua akafungua faili jipya. Kisha Opondo akapiga chapa jibu kwa Kiingereza safi, kwamba barua yake ya tarehe fulani imefika na suala la mlango linashughulikiwa. Akatia sahihi, C. Opondo, akalipeleka stendi kwa mkono wake. Alikuwa amerudia kulipiga mara mbili ili lisiwe na kosa hata moja. Kwake yeye ilikuwa barua ya mapenzi.

Nabei aliisoma, akaikunja, akasema, "Asante, bwana Opondo."

Ikafuata miezi miwili ya amani. Nabei hakuomba kalamu, hakuomba chungwa, hakuomba soda hata siku za joto la kuua. Alijibu salamu, alishukuru, aliketi wima. Opondo alifurahi, akamwambia Mutua kwamba msichana amestaarabika na sasa anaweza kumpeleka kwao Kisumu kumwonyesha mamake. Masikini, hakuwa na habari.

Jumatatu moja alifika stendi na soda mbili mkononi, akakuta dirishani kuna mtu mwingine anakata tiketi.

"Nabei yuko wapi?"

"Nabei? Ameomba kuhamishwa. Yuko Kakuma tangu Jumamosi."

Opondo alikaa juu ya gunia la mtu, soda mbili mkononi, bati linapiga kelele juu ya kichwa chake. Hakuelewa. Hawakugombana. Hakumpiga, hakumtukana, hakutembea na mwingine. Na bado msichana ameondoka bila kuaga. Habari mbaya zaidi aliipata kwa dereva wa lori: huko Kakuma mfanyabiashara mmoja, Lokeno, mtu wa ngamia na duka la bati, amepeleka neno kwa babake Nabei, na wazee watakaa Jumamosi ijayo kuzungumza mahari.

Simu ya kufika Kakuma haikuwepo. Kulikuwa na redio ya misheni, na redio ya misheni husikika na kila aliye karibu nayo. Opondo aliomba ruhusa, Nabei akaitwa kwenye redio ya upande wa Kakuma, naye Opondo akafundishwa kusema ova kila amalizapo, akashika kipaza sauti, jasho linamtiririka.

"Nabei, ni mimi. Habari ya huko? Ova."

"Nzuri, bwana Opondo. Ova."

"Mbona uliondoka bila kuniambia? Nimekukosea nini? Ova."

"Hujanikosea. Ova."

"Umekasirika? Ova."

"Sijakasirika. Ova."

"Basi sema unataka nini. Chochote. Kitenge, viatu, redio. Lori inakuja kesho, nitaleta. Ova."

Redio ilikwaruza kidogo.

"Sitaki kitu. Ova."

"Hata soda?"

Alisahau kusema ova, na watu wa misheni wakamkumbusha.

"Hata maji," Nabei alijibu. "Ova."

Opondo alitoka pale kichwa kinamzunguka. Hajakasirika, hataki kitu, amesema vizuri. Je, hiyo si dalili njema? Akapita stendi kumweleza Nakuleu, shangazi yake Nabei, mama mzee aliyeuza tumbaku chini ya lile bati lililong'oka.

"Mama, nimeongea naye. Hajakasirika. Amesema hataki kitu, hata maji."

Nakuleu alipiga paja lake kofi. "Hata maji? Uuui! Wewe umekwisha, mtoto wangu!"

"Nimekwishaje, na amesema kwa upole?"

"Kwa upole! Mgeni ndiyo tunasema naye kwa upole." Alinyoosha kiganja. "Nipe sigara."

"Sivuti, mama."

"Basi nipe hiyo kifungo ya shati."

Opondo alikitazama kifungo, akamtazama mama, akachoka.

"Unaona?" Nakuleu alisema. "Mimi nina vifungo. Nakuomba kwa sababu wewe ni mtu yangu. Kitu yako ni yangu, kitu yangu ni yako, hata ng'ombe. Mtu mimi siombi kitu, ni mtu gani kwangu? Ni mtu ya njia. Nabei aliomba wewe kila siku, alikuwa anakaa ndani ya nyumba yako. Wewe ukamwambia asiombe tena. Umemtoa nje, ukafunga." Akatema tumbaku kando. "Na mlango ya choo umemnyima. Hiyo aliomba ya wamama wote."

"Sikumnyima! Niliandika barua!"

"Barua inafunika nini?"

Opondo aligeuka akatazama kule nyuma. Mama mmoja alikuwa ameshika shuka, amefumba macho kwa vumbi. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Alirudi ofisini, akalifungua lile faili. Lilikuwa na karatasi kumi na saba. Ofisi imeuliza baraza, baraza limeuliza ofisi, mtu fulani ameuliza vipimo, mwingine ameuliza kama choo kipo. Msumari hata mmoja haukuwemo. Sahihi nyingi zaidi humo zilikuwa zake.

"Mutua," aliita, "nisaidie kubeba kitu."

"Kitu gani?"

"Mlango wangu."

Nyumba aliyokaa, Opondo alipohamia aliikuta na gunia badala ya mlango, naye aliagiza mbao za mwerezi Kitale, akatengeneza mlango mzuri kwa mikono yake, wa kujivunia. Sasa alichukua bisibisi akaufungua bawaba kwa bawaba. Mutua alilalamika njia nzima kwamba kazi ile haina namba ya faili, lakini alibeba. Wakaufunga pale stendi. Ulikuwa mrefu kidogo, Opondo akaukata chini kwa msumeno. Kisha akapanda juu ya kibanda akapigilia lile bati, akashika koleo akaanza kuondoa mchanga kwenye viti, belibotomu yake ikawa rangi ya udongo. Nakuleu aliingia chooni wa kwanza. Alijifungia, akakaa humo kitambo, akatoka anacheka peke yake.

Nyumbani kwa Opondo, mbuzi waliingia wakala lile shati la maua.

Ijumaa alipanda lori la unga kwenda Kakuma. Alifika mchana, midomo imepasuka, kofia imejaa vumbi. Nabei alikuwa nyuma ya meza ya tiketi, chini ya mgunga karibu na mto Tarach uliokauka. Alimwona, akaketi wima.

"Karibu, bwana Opondo. Tiketi ya wapi?"

Njia nzima Opondo alikuwa amepanga hotuba. Yote ilimtoka.

"Nipe maji," alisema.

Nabei alishtuka. Mtu huyu hakuwahi kumwomba kitu tangu wajuane. Alimimina maji, akampa.

"Nipe na hicho kikombe."

"Kikombe? Cha nini?"

"Changu kimevunjika. Nipe na hiyo shanga moja, ile ya njano. Nipe hicho kiti, nimechoka. Nipe shuka ya kufunga nyumbani, sina mlango."

"Mlango yako imeenda wapi?"

"Iko stendi. Choo cha wanawake. Shangazi yako anaingia humo hata kama hana haja."

Nabei aliziba mdomo. Mabega yakaanza kutikisika, na Opondo hakujua kama ni kicheko au kilio. Yalikuwa yote mawili.

"Nilidhani nakuheshimu," Opondo alisema. "Wallahi, Nabei, sikujua. Niombe. Niombe kila siku mpaka nibaki uchi. Kesho wazee wanakaa, na mimi sina ngamia, sina duka. Kama umeshamkubali Lokeno, niambie nirudi na lori hili hili."

Nabei alifuta macho kwa leso. Ilikuwa ile leso nyeupe, sasa si nyeupe tena.

"Lokeno ameleta sukari, ameleta nguo," alisema. "Mimi sijamwomba kitu hata moja."

Aliinuka, akazunguka meza, akasimama mbele yake.

"Kesho njoo kwa baba. Atakuomba ng'ombe, atakuomba mbuzi, atakuomba mpaka viatu vyako. Usiogope. Asipokuomba, hapo ndiyo uogope."

"Aombe. Nitatoa mpaka nizeeke."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

Nabei alinyoosha mkono, kiganja juu, kama siku ile kiatu kilipozama.

"Nipe hiyo kofia."

Opondo aliivua, akampa, akabaki kichwa wazi kwenye jua la Kakuma.