Jiko la Besimenti

Ndugu zangu wa Toronto na vitongoji vyake, nipeni masikio kidogo. Sitamung'unya maneno, maana nimechoka kuona tunapongezana kwa nyumba nzuri huku ndani ya nyumba hizo kuna watu wanaonyauka kwa upweke. Jina langu Prudence, nafanya kazi zamu ya jioni kwenye kiwanda cha mikate. Habari hii naijua vizuri, na wenyewe wameniruhusu niiseme.

Gelasius na mkewe Adelina walikuwa majirani zangu kwenye ghorofa moja kule Rexdale. Ni Wahaya, watu wa sala na wachapakazi. Mwaka 2008 walimleta mama yake Gelasius, Mama Leokadia, kutoka Bukoba, awasaidie kumlea mtoto wao Evans aliyekuwa bado ananyonya. Jiko lao lilikuwa finyu na meza ilibanwa kati ya friji na dirisha, kiasi kwamba ukitaka kufungua friji lazima mtu ainuke. Jioni za siku zangu za mapumziko nilipopita kuomba chumvi niliwakuta wamebanana pale. Mama anagawa ndizi na maharage, Evans yuko mapajani mwake, na dada yake Abigael anasimulia ya shuleni kwa Kiingereza, bibi anaitikia kwa Kihaya kana kwamba ameelewa kila neno. Waliishi hivyo, na walikuwa na raha zao.

Mwaka 2013 wakanunua nyumba Markham. Nilifurahi mno, nikawabebea hadi mapazia. Nyumba ile ilikuwa na jiko upande mmoja, chumba cha kulia upande wa pili, na ukuta katikati. Adelina akasema ukuta utoke, jiko na meza viwe chumba kimoja, anayepika awaone wanaokula. Ni wazo zuri na sina ugomvi nalo hata leo.

Fundi aliyekuja kuwapangia anaitwa Vernon, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, na Kiswahili chake kinawashinda watoto wetu. Nilikuwepo Jumamosi aliyokuja. Alibandika utepe sakafuni kuonyesha kila kitu kitakapokaa. Jiko hapa, sinki pale, friji kule, visiachane sana mpishi akachoka miguu, wala visibanane akakosa pa kukatia vitunguu. Meza ikae upande wa dirisha, na kiti kiweze kuvutwa nyuma bila kugonga kabati. Kisha akauliza swali ambalo kila fundi wa majiko huuliza: ni nani anayepika humu ndani, na anapika nini?

Mama Leokadia alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya maboksi. Swali aliliona linamhusu, akajiweka sawa ili ajibu. Adelina akamwahi. Alijibu kwa Kiingereza kwamba mpishi ni yeye, na chakula chao ni tambi, kuku wa kuoka na saladi. Makubwa! Adelina huyo mimi namjua, tambi anapika siku amekasirika.

Vernon, mtu mwenye adabu, akamgeukia mama na kumuuliza yeye anapenda kupika nini.

"Mama amestaafu kupika," Adelina akasema, safari hii kwa Kiswahili.

Mama akacheka kidogo, akatazama mikono yake. Vernon akaendelea na shughuli yake. Akaeleza kwamba mashine za kuvuta moshi juu ya jiko ziko za aina mbili: moja ina bomba linalotoboa ukuta na kutupa harufu nje, nyingine inachuja tu na kuirudisha hewa mle mle chumbani. Mkiwa watu wa kukaanga, alisema, chukueni ya bomba. Lakini bomba lingepita darini juu ya meza, mahali Adelina alipotaka taa zake za vioo. Akachagua ile nyingine. Gelasius akatikisa kichwa kukubali, kama ilivyo desturi yake.

Ukuta ukavunjwa, chumba kikapendeza. Na kesho yake unadhani nani aliwasha jiko? Mama huyo huyo aliyestaafu. Adelina alirudi kutoka ofisini jua limezama, Gelasius barabarani yuko kwenye foleni, watoto wana njaa. Mama akakaanga dagaa wake kama alivyozoea.

Majira ya joto hayakuleta shida, madirisha yalikuwa wazi. Baridi ilipoingia wakafunga kila kitu, na harufu ikakosa pa kwenda. Hakukuwa tena na ukuta wa kuizuia. Ikaingia kwenye mapazia, kwenye makochi, na kwenye makoti yaliyoning'inia karibu na mlango. Siku moja Abigael akarudi kutoka shule analia. Wenzake walikuwa wamehamisha makoti yao mbali na lake huku wakiziba pua. Alilitupa koti sakafuni, akafoka kwa Kiingereza na kupanda chumbani. Bibi yake akaliokota, akalikung'uta, akauliza mtoto amesema nini. Hakuna aliyemtafsiria.

Nawaomba msimlaani Adelina haraka. Mtoto wako akilia hivyo, utatafuta dawa yoyote. Yeye aliipata besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, ambako wenye nyumba wa zamani walikuwa wameacha jiko kuukuu. Wakakubaliana dagaa wapikwe huko. Baadaye na samaki wakavu. Kisha vitunguu, kwa sababu navyo vinanuka. Senene, wale panzi wa kuliwa, walipoletwa kutoka Bukoba walikaangwa chini, na Gelasius akawa anashuka kuwala akiwa amesimama, anafuta midomo, anapanda. Haukupita muda mrefu chakula chote kikahamia chini. Jiko la juu likabaki la chai na mkate, linang'aa kama la dukani.

Mama akawa anapika chini na kupandisha sufuria juu. Akifika juu aliambiwa nguo zinanuka, abadilishe kwanza. Mpaka abadilishe, wenzake wamekula na kila mtu ameshika simu yake. Mwisho akaona usumbufu wa nini. Akawa anawapelekea chakula, anarudi kula chini peke yake, kwenye kigoda kando ya mashine ya kupasha nyumba joto. Hakuna aliyemfukuza. Lakini hakuna pia aliyemwambia, mama, njoo ukae.

Mchana alikuwa ananipigia simu, maana alijua niko nyumbani. Ananiuliza nimepika nini, nimekula na nani. Siku moja aliniambia, "Prudence mwanangu, huku dirisha liko juu. Namwona mleta barua miguu tu. Nimeshavijua viatu vyake." Nilicheka ili asisikie ninavyolia.

Nilimwambia Gelasius baada ya misa. Akasema nasema kweli, watalitazama. Nikamwambia Adelina. Akasema mama mwenyewe anapenda kule, kuna joto na televisheni yake. Ndivyo tunavyosema wote tukishamweka mtu mahali ambapo hatumwoni.

Mwezi Mei 2015 Abigael alipata kipaimara, wakaita watu: sisi wa kanisani na wenzake Adelina wa ofisini. Nilifika nikaingia kwenye chumba kile, maua mezani, taa zinawaka, hakuna hata kijiko kilichochafuka. Nikamuulizia Mama Leokadia nimpe shikamoo. Nikaambiwa yuko chini anamalizia ndizi, niketi tu. Muziki ulikuwa juu. Wageni wakawa wanasifia, wanauliza fundi ni nani. Gelasius, ambaye si msemaji, siku hiyo akasimama akatoa hotuba. Alisema waliuvunja ukuta ili familia iwe kitu kimoja. Tukapiga makofi.

Chakula hakikuja. Adelina akaita mlangoni pa ngazi, kimya. Akaita tena huku anatabasamu kwa wageni. Ndipo Gelasius akashuka, nami nikamfuata.

Mama alikuwa chini ya ngazi, ameanguka upande, mguu umepinda vibaya, na ndizi zimemwagika hadi ukutani. Zilikuwa zimekwisha kupoa. Gelasius akapiga magoti kwenye mchuzi na suti yake, akamuuliza kwa nini hakuita.

"Nimeita, baba," akasema. "Nimeita sana, hadi sauti ikanikauka. Nikadhani mmenisikia, ila mmeona aibu kwa wageni."

Gelasius alilia mbele yetu sote. Adelina alisimama juu ya ngazi ameshika kitambaa cha mezani, akashindwa kushuka na kushindwa kurudi.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini walimtengeneza, akatembea tena kwa mkongojo, lakini ngazi akakatazwa. Waliomba radhi, na naamini ilitoka moyoni. Vernon aliitwa kuweka mashine ya bomba, taa za vioo zikaondolewa, jiko la chini likang'olewa. Mama akawekewa kiti chenye mikono upande wa dirisha. Adelina alijifunza kukaanga dagaa upya, juu, mchana kweupe.

Ila jambo moja fundi hawezi kulitengeneza. Kila walipomketisha, mama aliuliza kwanza kama anaweza kula hapo. Akila, anakula haraka haraka, anashukuru kama mgeni, anauliza kama nguo zake zinanuka. Evans akimwambia kitu, bibi anamtazama Adelina kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kujibu. Gelasius alivumilia kuyaona hayo mwaka mzima. Mama alipoomba arudishwe Bukoba, kwa binti yake, hakuna aliyekuwa na uso wa kumkatalia.

Sasa kila Jumapili Gelasius anampigia simu kutoka kwenye meza ile. Anamuuliza anaendeleaje, dawa anatumia, mguu unauma. Halafu anamuuliza amekula nini. Mama hamtajii chakula.

"Nimekula na watu, baba," anamjibu.

FUNZO

Ndugu zangu, jengeni. Vunjeni kuta, wekeni marumaru, sina kinyongo. Lakini kabla fundi hajabandika utepe wake, muulizeni anayewapikia, na mwacheni ajibu kwa mdomo wake. Msiwaonee aibu waliowalisha, wala chakula walichowalisha. Watoto wafundisheni lugha ya bibi yao, ili akiuliza kwa nini wanalia apate jibu.

Upweke wa mzee hauna kelele. Unaanza kwa jambo dogo lenye sababu nzuri, na kila siku linaongezwa jingine. Ukishazoeleka, hata siku anaanguka anadhani mnamsikia na mnanyamaza makusudi.

Kwa hiyo kama una mtu wako chini muda huu unaponisoma, usisubiri fundi. Shuka, kaa naye, mle nyote chakula kikiwa bado cha moto.