Chuma Nyongani mwa Bibi Mwahija

Mashine ilikwisha kuzimwa, vibandiko vimeng'olewa, nyaya zimekunjwa. Mguu wa Bibi Mwahija ukaendelea kucheza.

"Utatulia wenyewe," alisema Scholastica, mtaalamu wa viungo aliyekuwa akija kijijini Pande kwa bodaboda tangu bibi afanyiwe upasuaji na kutiwa chuma nyongani. Mashine yake haikuzidi simu kwa ukubwa. Ilipeleka umeme mdogo kwenye zile sehemu za goti na kifundo ambazo Wachina huzichoma sindano, ili maumivu yapungue, misuli iamke, mzee asimame kabla kifua hakijajaa kwa kulala. Na ilisaidia, asibishe mtu. Bibi alishafika mlangoni kwa fremu ya kutembelea.

"Hautulii, dada," Nusaiba alinong'ona. Alikuwa likizo ya chuo, na ndiye aliyemuuguza bibi yake. "Sikiliza."

Vidole vya mguu viligonga ubao wa kitanda: haraka, haraka, kisha kwa uzito. Mdundo wa ngoma ya kupungia pepo. Chumba kikanuka asumini, na nyumba nzima haikuwa na asumini.

Mjomba Ridhiwani, mtoto wa pekee wa kiume wa bibi, alikuwa mlangoni. Alitoka, akarudi na Bi Kadija, fundi wa pepo. Bi Kadija akafukiza udi, akainama.

"Nani wewe, na umekasirikia nini kwa kiti chako, huyu uliyempanda?"

Bibi akafumbua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana.

"Nimekaa naye tangu avunje ungo. Hafanyi jambo bila kuniomba ruhusa. Safari hii mmemtia chuma mlangoni pangu, kimya kimya. Mkiwasha umeme kinaniunguza, na sina pa kutokea."

Bi Kadija akageuka. "Ridhiwani, mama yako hakukuagiza ufukize kabla hamjaenda hospitali Lindi?"

"Aliniagiza." Alikuwa anatazama mkeka. "Mimi mtu wa msikitini, Bi Kadija. Watu wangesemaje?"

"Watu," Nusaiba alisema. "Bibi anatetemeka hapa, mjomba anawaza watu."

Hapo mguu ukaanza kupiga kweli, kitanda kikasogea, kidonda kikavuja, na Scholastica akaurukia akaubana kwa mikono yote miwili, akinong'ona kwamba nyonga ikichomoka basi tena, bibi hatasimama maisha yake, na alipoulalia kwa uzito wake wote mguu ule mkavu wa mzee wa miaka themanini ukamnyanyua polepole, kama anayenyanyua mto, huku ile harufu ya asumini ikizidi mpaka koo likawawasha.

"Pepo atapita kwenye nyaya," Bi Kadija alisema. "Vibandiko kwa bibi, vingine kwa kiti kipya. Awe damu ya bibi."

"Nusaiba," Ridhiwani akajibu upesi. "Pepo hawa hukaa kwa wanawake."

"Nani kasema?"

"Ndivyo ilivyo, mwanangu. Mtii bibi yako."

"Bibi hajasema neno. Umesema wewe. Kosa lako, mwili wangu? Umeisoma wapi hiyo, mjomba?"

Ridhiwani alibandika viwili gotini mwa bibi, akachukua vingine, akamkamata Nusaiba mkono, akavuta. Mkono mwembamba wa bibi ukatoka chini ya shuka, ukamnyang'anya, ukavibandika kwenye kiganja na kifundo cha Ridhiwani mwenyewe, ukavishikilia hapo.

"Tulia, Ridhiwani," bibi alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Mimi nimembeba miaka yote hiyo. Sikufa."

Nusaiba akawasha mashine.

Mguu wa bibi ukalala. Asumini ikahama upande wa pili wa kitanda. Scholastica alimbandua bibi vibandiko, akaligusa paja, akafunga kidonda upya bila kumtazama mtu, kisha akasogeza fremu. Bibi akasimama. Akavuta hatua, akavuta nyingine, Nusaiba akimshika kiunoni, hadi wakauvuka mlango wakaiona baraza.

Ikaadhiniwa alasiri. Nyuma yao Ridhiwani akajipangusa, akainuka aende msikitini, akarudishwa chini kama aliyevutwa kanzu. Vidole vya miguu yake vikaanza kugonga sakafu.

"Unakwenda wapi?" ile sauti ya msichana ikauliza kinywani mwake. "Hujaniomba."