Filamu Mbili za Mama

Kila siku akitoka shuleni, Chiriku alianza na ndoo. Alikwenda bombani, akapanga foleni, akarudi na maji kichwani bila kumwaga hata tone. Kisha alifua soksi zake na gauni la mdogo wake, akafagia ukumbi na kubandika chai. Zamani kazi hizo zilikuwa za mama. Tangu mama alipofariki, miezi saba iliyopita, waliobaki waligawana: maji na kufua kwa Chiriku, mapishi kwa mjomba, na baba, ambaye alikuwa dereva wa lori, alifanya yaliyosalia kila alipopata siku ya kulala nyumbani.

Shuleni alikuwa na jina jingine. Chiriku ni jina alilopewa na mama, aliyependa kusema kwamba mtoto huyu alianza kuongea kabla ya kuota meno na hajanyamaza tena. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mdogo wake, wa miaka minne, aliitwa Tonge kwa sababu ya mashavu.

Jioni moja Chiriku akianika nguo, Tonge, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, alimuuliza, "Dada, pua ya mama ilikuwa kama yangu au kama yako?"

Chiriku alishusha nguo aliyokuwa akianika. Sauti ya mama aliikumbuka. Mikono yake pia, iliyonukia nguo zilizotoka kupigwa pasi, maana mama alifanya kazi kwa dobi. Lakini uso ulikuwa umeanza kufifia. Picha zote zilikuwa kwenye simu ya mama, na simu iliibiwa wodini wakati mama amezidiwa. Nyumbani ilibaki picha moja tu, ndogo, ya kitambulisho, ambayo mama mwenyewe alikuwa akiicheka. "Hapa nimekaa kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani," alikuwa akisema.

Mjomba alilisikia swali hilo kutoka jikoni. Alikuwa mdogo wake mama, mpiga picha, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa studio yake. Siku hizi, kwa kuwa kila mtu ana simu, wateja wake walikuwa wale waliotaka picha za pasipoti tu. Alitoka jikoni akifuta mikono.

"Ninazo filamu mbili," alisema polepole. "Nilimpiga mama yenu kwa ile kamera yangu ya zamani, mwezi mmoja kabla hajaugua. Bado sijazisafisha ili picha zitokee. Duka lililokuwa likisafisha filamu limefungwa, na dawa yake haiuzwi tena." Akaendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka. "Na kusema kweli, nilikuwa naogopa kumwona."

"Sasa utafanyaje, Mjomba?"

"Kuna mzee mmoja, mpiga picha mwenzangu, amenifundisha kusafisha kwa kahawa."

"Kwa kahawa!" Chiriku akacheka. "Tutaziona picha au tutazinywa?"

Mjomba alikuwa amekwisha kufanya jaribio. Alitumia kipande cha filamu alichopigia kuku wa jirani, na kuku wakatoka safi, hadi vidole vya miguu vikaonekana. Dawa yenyewe ilikuwa unga wa kahawa ya bei rahisi, magadi ya kufulia na unga wa vitamini C, vyote vimepimwa kwa mizani na kukorogwa katika maji.

Jumamosi asubuhi mjomba aliziba dirisha la stoo kwa blanketi mbili, akajifungia gizani na filamu ya kwanza. Alitoka akitokwa na jasho, mkononi ameshika tangi dogo jeusi la plastiki.

"Filamu imo humu, imezungushwa kwenye kigurudumu," alieleza. "Dawa itaingia kwa kitundu hiki cha juu, kimetengenezwa ili maji yapite, mwanga usipite. Lakini huu mfuniko mkubwa haufunguliwi mpaka niseme mimi. Filamu ikiona mwanga kabla haijamaliza kuoga, imekufa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mjomba."

Mjomba alimimina ule mchanganyiko wa rangi ya matope. Harufu ikajaa nyumba nzima. "Nani anapika soksi?" Tonge aliuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi wote watatu walicheka pamoja.

Filamu ilihitaji kukaa katika kahawa dakika kumi na tano, na kila dakika tangi lilipaswa kupinduliwa mara tatu. Kazi hiyo alipewa Chiriku, macho yake yakiwa kwenye saa ya ukutani. Dakika ya tisa mlango ukabishwa. Mteja alitaka picha za pasipoti, alikuwa na safari.

"Nakuja sasa hivi," mjomba alisema. "Endelea kupindua. Usifungue."

Alipotoka, Tonge alisogea karibu na tangi, akaliwekea sikio. "Mama yumo humu ndani?"

"Zimo picha zake."

"Nataka kumwona."

Chiriku pia alitaka kumwona. Alijua ni picha gani zilizokuwa katika filamu hiyo, kwa kuwa Mjomba alikuwa ameziandika kwenye kasha lake. Kulikuwa na ile ya ngazini: mama anamsuka Chiriku nywele, na mjomba, akirudi nyuma ili wote wawili waingie kwenye picha, anakanyaga beseni la maji na kuanguka nalo. Mama alicheka hadi akashikilia kichwa cha Chiriku asidondoke. Walikuwa hawana picha nyingine waliyopigwa wawili peke yao.

"Kidogo tu," alijiambia. Akazungusha mfuniko, akauinua upana wa kidole, kisha viwili. Aliona povu la kahawia na ukingo wa filamu. Hapakuwa na kingine.

"Hayupo," alisema Tonge.

Chiriku akafunga haraka. "Usimwambie Mjomba. Ni siri yetu."

Mjomba aliporudi alikuta tangi likipinduliwa kama alivyoagiza. Dakika kumi na tano zilipotimia, alimwaga kahawa, akasuuza mara tatu, akatia dawa ya pili, ile ya kuishikiza picha isifutike, ambayo alibakiwa na chupa moja. Kisha akafungua, akaivuta filamu na kuinyanyua mbele ya dirisha.

Ilikuwa nyeusi tii, mwanzo hadi mwisho.

Aliigeuza. Akaigeuza tena. "Mfuniko haukufunguka?" aliuliza.

"Hapana, Mjomba."

Neno lilimtoka kabla hajaamua kulisema. Alingoja mjomba amkazie macho. Mjomba hakumkazia macho, alimwamini, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kofi.

"Basi ni mimi," alisema mjomba. "Nimetumia kopo jipya la kahawa, labda lina nguvu kuliko lile la majaribio. Nimeziunguza picha za dada yangu kwa mikono yangu mwenyewe." Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, filamu imemwangukia mapajani. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyewashika wengine walipoishiwa nguvu. Sasa machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Mjomba alipika, lakini chakula chake alikiacha sahanini. Wateja wawili aliwarudisha mlangoni. Kila asubuhi Chiriku alimwamkia, "Shikamoo, Mjomba," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu," bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi aliyokuwa akipigia hesabu. Siku ya Alhamisi alimwonyesha.

"Kwa filamu ya pili sitarudia makosa," alisema. "Kahawa nitapunguza nusu. Magadi nusu. Na dakika saba badala ya kumi na tano."

Chiriku aliisoma karatasi mara mbili. Kuku walitoka safi kwa vipimo vilevile vya kwanza. Kahawa haikuwa na kosa. Ikipunguzwa nusu, filamu ya pili itatoka tupu, na hapo mama atakuwa amekwisha kabisa. Alitaka kusema. Badala yake alimrudishia karatasi. "Ndiyo, Mjomba," alisema.

Jumamosi baba alikuwa nyumbani. Alirudi alfajiri kutoka safari ya siku tano ili aione filamu hiyo ya pili, akakaa ukumbini na kikombe chake cha chai. Chiriku alikuwa uani akimfunga Tonge viatu.

"Dada," Tonge alinong'ona, "mama aliondoka kwa sababu tulifungua?"

"Nini?"

"Alikuwa amelala mle ndani. Tukamtia mwanga machoni, akaondoka. Ndiyo maana Mjomba analia." Akaubana mdomo wake kwa vidole viwili. "Lakini sijamwambia mtu. Ni siri."

Chiriku alimtazama. Mtoto wa miaka minne alikuwa amebeba mzigo huo wiki nzima, na aliyemtwisha ni yeye. Aliacha kiatu kimoja hakijafungwa, akakimbilia ndani.

Mjomba alikuwa ameshika tangi mkono mmoja, na jagi la kahawa iliyopunguzwa mkono wa pili. Jagi lilikuwa limekwisha kuinama.

"Mjomba, usimimine!"

Mkono ukasimama hewani.

"Kahawa haikuwa na kosa. Nilifungua mfuniko. Ulipokwenda kwa mteja, nilifungua nikatazama ndani. Ni mimi niliyeiua."

Mjomba aliliweka jagi mezani taratibu. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilikuuliza," alisema mjomba.

"Uliniuliza."

"Na wiki nzima uliniona nilivyokuwa."

"Nilikuona, Mjomba."

Hakupaza sauti. Alitoka nje, akasimama karibu na kamba ya nguo akiwa amewapa mgongo, mkono mmoja umeishika kamba. Alikaa hivyo muda mrefu. Tonge alikuja na kiatu chake kimoja, akamshika dada yake sketi.

Mjomba aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Alimwaga kahawa ya jagi, akachukua mizani, akapima upya kwa vipimo vya kwanza. Kisha akamsogezea Chiriku tangi.

"Njoo ushike."

"Mimi?"

"Wewe. Sasa hivi hakuna anayejua kuliko wewe kwa nini mfuniko haufunguliwi."

Chiriku alipindua. Dakika ya tano, ya nane, ya kumi. Hakuliachia tangi. Kahawa ikamwagwa, maji mara tatu, dawa ya pili, maji tena. Mjomba alifungua, akavuta, akainua filamu mbele ya dirisha.

Safari hii mwanga ulipita. Vipicha vidogo vya kijivu vilipangana kama madirisha ya basi.

"Huyu hapa," alisema mjomba, sauti ikimkatika. "Anaanika, vibanio mdomoni. Hapa amemnyanyua Tonge. Na hapa amesinzia kitini, mdomo wazi. Angeiona hii angeni..."

Baba aliishika filamu kwa kingo, akaitazama picha moja baada ya nyingine. Alipofika mwisho alimwuliza Chiriku bila kumtazama, "Ile ya ngazini ilikuwa kwenye ile nyingine?"

"Ndiyo, Baba."

"Nilikuwa nimeitengea nafasi kwenye lori, juu ya kioo." Hakusema kwa hasira. Chiriku alitamani angesema kwa hasira.

Siku tatu baadaye picha zilichapishwa mjini. Tonge alibandika kidole kwenye pua ya mama, kisha kwenye yake, akazunguka nyumba nzima akimtangazia kila mtu kwamba pua ni ileile. Chiriku alimwita, akampakata.

"Sikiliza. Mama hakuondoka kwa sababu ya mfuniko. Mama alifariki kwa ugonjwa. Wewe hukufanya kosa lolote. Picha niliziharibu mimi, na nilikosea kukwambia ufiche."

"Kwa hiyo naweza kusema?"

"Sema kwa yeyote."

Tonge akateremka, akaenda kumwambia baba, ambaye alijua tayari lakini alimsikiliza hadi mwisho.

Chiriku alibaki na picha mezani. Alizipitia zote ishirini na nne, na yeye hakuwemo hata katika moja. Mjomba alikuja akakaa kando yake.

"Kufungua mfuniko lilikuwa kosa la dakika moja," alisema. "Ulimtamani mama yako. Hata mimi mkono wangu ulinisukuma nifungue. Ungeniambia palepale, ningelia, halafu ningejua kahawa ni nzima. Lakini uongo haukukaa kimya, mwanangu. Ulinifanya nitengeneze kisichokuwa kibovu, na kidogo uniulie filamu ya pili. Na ulimpa mdogo wako mzigo usio wa umri wake. Mficha maradhi kilio humuumbua. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

"Na ile ya ngazini, Mjomba?"

Mjomba hakumdanganya. "Ile imekwenda. Kusema kweli hakurudishi kila kitu. Kumetupa hizi."

Chiriku aliinamisha kichwa juu ya meza na kulia. Mjomba hakumwambia anyamaze. Alizisogeza picha mbali na machozi, akaweka mkono mgongoni kwake, akabaki naye hapo.