Nimetoka, Zilpa

Simu ya Zilpa Akinyi ilianza kupata moto ilipopita wiki moja tangu shimo la dhahabu la mumewe liporomoke. Ilikuwa mezani, haijaguswa wala kuunganishwa na umeme, lakini ilichoma kiganja kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, nayo ilinuka udongo mbichi na baruti.

Watu wa Nkende walimwita Mama Olima, ingawa hakujaliwa mtoto. Olima Okal alikuwa mumewe. Alichimba dhahabu upande wa Nyamwaga, miaka ile ambayo hata walimu waliacha chaki wakashika sururu. Kwa kuwa chini ya ardhi hakuna mtandao, Dullah, fundi simu wa mjini Tarime, aliwatengenezea programu ndogo. Olima alibonyeza kabla ya kuteremka shimoni, na akipanda alibonyeza tena. Hapo simu ya Zilpa ilitamka kwa sauti ya mumewe, "Nimetoka, Zilpa," ikamalizia na kikohozi chake kifupi, kisha programu ikajifunga yenyewe. Zilpa akisikia hivyo, aliinjika maji ya ugali.

Shimo liliporomoka wakati wa masika, Olima akiwa ndani. Wenzake walifukua mpaka maji yakawashinda. Programu haikujifunga.

"Kila nikiifunga inaamka," Zilpa alimwambia Dullah. "Ina nini?"

"Niliiagiza isijifunge kama nyuma kuna kazi inayoendelea. Kazi yake ni kumngoja Olima." Dullah alishusha sauti. "Lakini hii haingoji tu, dada. Kuna kitu upande wa pili kinaijibu."

"Simu yake iko chini ya mawe."

"Ndiyo maana sitaki hii yako ilale dukani kwangu." Akajaribu kucheka. "Mimi fundi wa spika. Mashetani yana mafundi wake. Niifute sasa hivi, kabla hamjazika chochote?"

"Na sauti yake itabaki?"

"Haitabaki."

Zilpa aliirudisha simu ndani ya kanga, akaenda zake.

Joram Okal, kaka mkubwa wa Olima, alivuka mpaka wa Sirari pamoja na jamaa. Kwa Wajaluo, mtu aliyepotea asipopatikana mwili, huzikwa yago mahali pake, lile tunda refu na zito la mti wa mvungunya.

"Shemeji, simu bado inamngoja," Zilpa alisema.

"Simu na ingoje. Wewe unataka ndugu yangu alale nje kama mbwa?"

Yago likavishwa shati la Olima, lile la buluu, likafungwa vifungo vyote. Likalazwa kaburini kando ya nyumba, likaitwa kwa jina lake kamili, likafukiwa. Ndani ya kanga, simu ikapoa ghafla. Zilpa alidhani mumewe amepumzika.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, wageni wote walikuwa wameondoka. Yakabaki masufuria ya kuazima, na viti vya plastiki vilivyoelekezana kana kwamba bado vinazungumza. Zilpa akaketi kwenye kimoja.

"Olima," alisema, "sasa nizungumze na nani?"

"Nimetoka, Zilpa."

Simu ilitamka, ikakohoa, na programu ikajifunga yenyewe, kwa mara ya kwanza tangu masika.

Alikimbia hadi langoni. Barabara ilikuwa tupu, jua likiwaka. Harufu ya udongo mbichi haikutoka barabarani bali nyuma yake, kando ya nyumba, na pamoja na harufu akasikia mabonge ya udongo yakianguka, moja, tena moja, kisha kitu kizito kikiburutwa ukutani taratibu kama gunia lisilo na mbebaji, kikapita chini ya dirisha la chumba walicholala, kikapita pipa la maji, kikafika mlango wa jikoni na kusimama, na pale mlangoni, bila simu yoyote, sauti ileile ikasema maneno yaleyale kwa mkazo uleule, na kikohozi kilekile mwishoni.

"Nimetoka, Zilpa."

Alisogea mpaka akaliona shati la buluu. Lilikuwa limefungwa vifungo vyote, na mikono yake ilining'inia mitupu.

Zilpa alijua kwamba huyo si Olima. Alitazama viti vile vyote, kimya chao. Kisha akapita kando ya lile shati, akaingia jikoni, akainjika maji ya ugali.