Siku Kumi na Nne Ubavuni mwa Bomba

Chumba kilinuka choo, na safari ya meli ilikuwa imebakiza siku kumi na moja.

Karani alikaa ukingoni mwa kitanda, mtandio kaukandamiza puani. Gauni lake la zambarau, alilolishonesha kwa ajili ya safari hii, lilining'inia kabatini likinywa uvundo kama sifongo. Nyuma ya ukuta bomba lilikoroma, likapiga mbweu, na harufu ikaja upya, nzito, yenye joto. Fundi, mwanamume aliyemleta humu, alikuwa anakula mkate na siagi.

"Unawezaje kula humu?"

"Kwani humu kuna nini, mpenzi?"

Alitamani kumpiga kiatu.

Walikutana mwaka uliopita, adhuhuri, sinki la ofisi ya Karani lilipofurika na wateja wakawa wanarukaruka kama waliokanyaga siafu. Karani alikuwa akiuza safari za meli za kitalii. Fundi aliitwa kuja kuzibua. Baada ya dakika kumi maji yakashuka. Kilichomvuta Karani kilikuwa sabuni: mtu ametoka kwenye uchafu hadi viwikoni, kanawa, ananukia limau.

"Mzee wa mabomba, unanukia kuliko wateja wangu," alimtania.

"Kweli?" Fundi aliuliza. Kisha akauliza tena, "Kweli kabisa?"

Mapenzi yakashika. Fundi aliposema anataka kumpeleka baharini, Karani alimpa ushauri anaompa kila mgeni wa bahari: siku nne kwanza, kuondokea bandari ya hapahapa mjini, vituo viwili tu, kila kimoja kutwa nzima, na chumba cha katikati ya meli ambako mawimbi hayasumbui. Fundi akaaga, akaenda zake. Wiki mbili baadaye simu ikalia.

"Bibi Meli, funga sanduku! Siku kumi na nne! Bandari tisa!"

"Umenunua wapi?"

"Kwa wale wa ng'ambo ya barabara. Nilitaka kukushtukiza."

"Wale washindani wetu? Haya, tunaondokea wapi?"

"Nchi jirani. Kutwa moja tu ndani ya basi, mama."

Karani alimeza hasira kwa kuwa alimpenda. Walifika bandarini miguu imevimba kama viazi. Kwenye vituo viwili vya kwanza walishushwa kwa saa tatu tu, wakaona geti, foleni na geti tena. Na chumba, Fundi alikichagua mwenyewe kwenye mchoro wa meli: ngazi ya chini kabisa, ubavuni mwa bomba kuu, "ili maji yaje na presha." Kumbe bomba lenyewe lilikuwa la vyoo. Dunia nzima, ni fundi bomba tu anayeweza kulipa ili alale na bomba.

Asubuhi hii meli ilikuwa imefunga gati kwenye bandari ya tatu.

"Mimi nashuka," Karani alisema. "Na sirudi. Wala wewe sitaki kukuona."

"Kosa langu nini?"

"Kunanuka, wewe! Kunanuka mavi siku ya nne hii, na wewe unapaka siagi!"

Fundi aliuweka mkate chini. Uso ulimshuka.

"Mimi sisikii."

"Husikii nini?"

"Harufu. Yoyote ile. Mwaka wa nane huu, pua imekufa kwa kazi hii. Kwa nini unadhani naoga mara tatu kwa siku? Sijui ni lini nanuka."

Karani alishusha mtandio, akajuta, akaurudisha.

"Uliposema siku nne," Fundi aliendelea, "nikajua huo ndio mwisho wa uvumilivu wako. Kwamba siku ya tano hutaweza kukaa chumba kimoja na mzibua vyoo. Nikasema nitamwonyesha, nitakaa naye kumi na nne."

"Mjinga mkubwa wewe! Siku nne nawaambia wote. Mama yangu mzazi nilimuuzia siku nne, na yeye anaoga marashi."

"Kwa hiyo sinuki?"

"Nitajuaje humu? Humu hata malaika angenuka. Beba masanduku, twende nje nikunuse."

Gatini, upepo ukipuliza, Karani alimvuta kola na kuzamisha pua shingoni mwake mbele ya abiria wote.

"Limau," alisema. "Na choo kidogo. Choo ni cha meli. Limau ndiyo yako."

Fundi akapiga goti juu ya zege na kutoa pete kwenye soksi, alikoificha.

"Nilipanga iwe siku ya mwisho, mezani, na muziki."

"Ungeposa maiti."

"Basi mara hii chagua wewe, mpenzi. Siku ngapi?"

"Zote," alisema Karani. "Ila chumba nachagua mimi."

Honi ililia, meli ikaondoka bila wao. Kushuka huko kuliwagharimu siku kumi na moja za bahari, bandari sita wasizoziona, likizo yote ya Karani ya mwaka ule, siku mbili za basi kurudi nyumbani, na gauni moja la zambarau, ambalo Karani aliliacha kabatini makusudi.