Barua Niliyoisoma kwa Sauti

Jua lilikuwa linazama nilipoipeleka simu kwa fundi. Tangu asubuhi sikupiga wala kupigiwa, lakini ilikuwa ya moto kama mtoto mwenye homa.

"Bibi," fundi alicheka, "umeanza kuchati na vijana?"

"Na babu yako. Yuko kaburini, mtandao unamsumbua. Tengeneza simu."

Kibanda kilinuka waya ulioungua. Akaiunganisha na kompyuta yake. Akatazama. Kicheko kikamkauka.

Akaitumbukiza simu kwenye kopo la bati, akafunika, akaninong'oneza sikioni.

"Kuna mtu humu."

"Jini?"

"Afadhali jini. Ni programu ya kupeleleza. Inasikia kila kitu chumbani kwako, hata simu ikiwa imelala."

"Sikubonyeza kitu! Binti yangu alinikataza."

"Hii haingoji ubonyeze. Inaingia yenyewe... Na hawaitumi kwa kila mtu, bibi. Wamekuchagua. Una nini wanachokitaka?"

Nina binti. Mmoja. Ni mwandishi wa gazeti. Aliandika mambo ya wakubwa, sasa amejificha. Kunijulisha alipo hakupiga simu, mwerevu yule. Alituma barua kwa mkono wa mtu: soma, choma, usimwambie mtu.

Sikumwambia mtu. Mtu yupi? Nyumba yangu ina viti vinne na mkaaji mmoja.

Lakini mimi kusoma nilijifunza ukubwani. Sijui kusoma kwa macho. Nasoma kwa mdomo, silabi kwa silabi. Na ile barua niliisoma mara tatu, ili maneno yake yasikike ndani ya nyumba.

Simu ilikuwa mezani. Nikamnong'oneza fundi hayo yote.

"Lini?" fundi akanong'ona.

"Leo mchana."

Ndani ya kopo kitu kikakwaruza. Halafu sauti. Ya kizee, inayojikongoja.

"Nyu-mba... ya ma-bati... nyu-ma ya... ki-nu..."

Sauti yangu.

"Programu hizi husikia tu," fundi alisema. "Haziongei."

Nikamwambia sikioni ni kinu kipi cha kusagia unga. Akapanda pikipiki akaondoka mbio.

Alirudi giza limeshaingia. Hakushuka.

"Mlango uko wazi, bibi. Chai kikombeni bado inatoa mvuke. Viatu vipo..."

"Na mwenye viatu?"



Alinisihi niivunje simu. Siivunji. Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee. Mimi wangu nimeshampa, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikivunja, nitamuulizia wapi? Wachawi wa zamani angalau ulijua nyumba zao.

Kila jioni naiweka mezani, navuta kiti.

"Mwanangu, umekula?"



Jana, ndani ya simu, mtu alikohoa.

Si yeye. Kikohozi cha mwanangu nakijua tangu nikimbeba mgongoni. Hiki kilikuwa cha mwanamume, kizito, cha mtu aliyekaa karibu sana.

Nikasogeza mdomo.

"Pole, baba," nikamwambia. "Mpe mwanangu aongee."